Plastiki kutoka gazi karboniki: kabla ya mkataba, swali la kwanza ni usafi

Wakaaji wa Goma hawahitaji mwalimu wa kuwaambia gazi karboniki ni nini. Upande wa magharibi wa mji, kuelekea Sake, kuna mashimo na mabonde madogo ambamo gazi hiyo inatoka chini ya ardhi na kulala pale bila rangi. Watu wanaiita mazuku. Mbuzi anashuka kula majani, harudi. Mtu anapita asubuhi mapema, kabla ya jua na upepo kuitawanya, anaanguka. Na chini ya maji ya Ziwa Kivu imelala nyingine nyingi zaidi: karibu kilomita za ujazo 300 za gazi karboniki, pamoja na karibu kilomita za ujazo 60 za metani.

Ndiyo maana habari moja inayotoka nje inasikilizwa kwa makini huku mashariki: kwamba gazi hii, ambayo wanasayansi wanaiandika CO2, inaweza kugeuzwa plastiki. Habari hiyo ni ya kweli. Viwanda viko, na vinauza bidhaa. Lakini kila mara habari hii inapotolewa, kuna jambo moja linalorukwa, na jambo hilo ndilo linaloamua nani atapata faida na nani atabaki na hasara. Ni usafi wa gazi yenyewe.

Raia wa Kivu, wa Tanganyika na wa Katanga wana sababu ya kulielewa jambo hili vizuri. Gazi iko kwao. Madini yanayotumiwa kuigeuza yako kwao pia. Siku watu wenye mikoba watakapofika na karatasi za kusaini, swali la usafi ndilo litakaloonyesha nani anasema kweli.

Mchanga katika lengalenga

CO2 ni kitu kigumu kushawishi. Kaboni na oksijeni zake mbili zimeshikana kwa nguvu. Ni kama jivu: ndiyo inayobaki wakati moto umekwisha kula kila kitu. Ili ikubali kuungana na kitu kingine na kuwa mnyororo mrefu wa plastiki, inahitaji nguvu kutoka nje, ama ya umeme, ama ya kemikali nyingine yenye nguvu ndani yake. Tena inahitaji kichocheo.

Kichocheo ni kitu, mara nyingi chenye madini, kinachofanya kazi ya kuunganisha bila chenyewe kuliwa. Kinashika molekuli moja, kinaikutanisha na nyingine, kinaziachilia, kisha kinashika tena. Kwa njia hiyo gramu chache za kichocheo zinaweza kutengeneza kilo nyingi za bidhaa.

Lakini kazi hiyo yote inafanyika mahali padogo sana, penye viti vya kuhesabu. Kikija kitu kingine kinachopenda kiti kile kuliko CO2, kinakaa, na pengine hakiondoki tena. Mama yeyote anayepika lengalenga anaelewa: mchanga wa ncha ya kidole hauongezi uzito wa sufuria, lakini chakula chote hakiliki. Kiwandani mchanga huo una majina yake: maji, oksijeni, salfa, oksidi za azoti, na mabaki ya dawa zilizotumiwa kukamata gazi katika moshi.

Somo la Dormagen

Kazi hii si ya jana. Mwaka 1969, huko Japani, Shohei Inoue na wenzake waliunganisha CO2 na epoksidi, kemikali inayotokana na mafuta ya petroli, kwa kutumia kichocheo chenye zinki. Plastiki ilipatikana, lakini polepole sana. Tangu siku hiyo, kwa zaidi ya miaka 50, wanasayansi wametafuta vichocheo vya haraka zaidi na vyenye uvumilivu zaidi.

Mfano unaojulikana sana leo uko Dormagen, Ujerumani. Mwaka 2016 kampuni ya Covestro ilifungua huko kiwanda chenye uwezo wa kutoa tani 5000 kwa mwaka za polioli, kemikali inayotumiwa kutengeneza sponji ya matela. Hadi asilimia 20 ya uzito wa polioli hiyo ni CO2. Asilimia 80 inayobaki inatoka bado kwenye petroli. Maana yake, kiwanda kikifanya kazi kwa nguvu yake yote, CO2 inayoingia katika bidhaa kwa mwaka mzima haizidi tani 1000. Hesabu hiyo inafaa kukumbukwa kila mara mtu anaposema kwamba plastiki itamaliza gazi ya dunia.

Jambo la maana zaidi ni mahali gazi hiyo ilipotoka. Ujerumani ina mabomba mengi ya moshi. Wenye kiwanda hawakufunga mpira kwenye bomba lolote tu. Walichukua CO2 kwa jirani mwenye kutengeneza amonia. Katika kazi ya amonia, CO2 inatengwa kwa lazima, na inatoka karibu safi kabisa. Moshi wa kituo cha umeme cha makaa ya mawe ni tofauti: kwa kawaida CO2 ndani yake ni asilimia 12 hadi 15 tu, na zinazobaki ni azoti, mvuke, oksijeni, salfa na vumbi. Watu wenye pesa na mafundi bora walikwenda kwanza mahali ambapo usafi ulikuwa umekwisha kulipwa na mtu mwingine.

Tone la maji linafanya nini

Watu wengi wanafikiri uchafu unafanya kosa moja tu, yaani kuua kichocheo. Maji yanaonyesha kwamba kuna kosa la pili, lenye ujanja zaidi.

Kila mnyororo wa plastiki una mwanzo wake. Molekuli ya maji ikiingia kati, inaanzisha mnyororo mwingine ambao hakuna aliyeutaka. Gazi na epoksidi zilizokuwa za kulisha minyororo michache mirefu sasa zinagawanywa kwa minyororo mingi mifupi. Kichocheo bado kinafanya kazi, mashine inazunguka, mita zinaonyesha kwamba mambo ni sawa. Lakini kinachotoka si kile kilichoagizwa: plastiki iliyotakiwa iwe ngumu inatoka laini, au nzito kama asali.

Kwa polioli ya matela, mnyororo mfupi si kosa. Unatakiwa. Lakini lazima urefu wake ujulikane, na uwe uleule Jumatatu na Ijumaa. Fundi anapima kianzishi chake kwa gramu. Maji yaliyojificha katika gazi hayakupimwa na mtu. Wiki hii sponji inatoka ngumu, wiki ijayo inabonyea. Mwenye kununua tani 20 hatauliza sababu. Atahamia kwa mwuzaji mwingine.

Kichocheo chenye uvumilivu

Je, gazi lazima iwe safi kama ya hospitali? Hapa kuna habari nzuri, na haki inataka isemwe.

Huko Uingereza, Charlotte Williams na wenzake walijaribu vichocheo vya zinki na vya manyezi kwa CO2 iliyokamatwa katika kituo cha umeme cha Ferrybridge, kilichokuwa kinachoma makaa ya mawe. Matokeo yalitolewa mwaka 2015. Walilinganisha gazi hiyo na gazi safi ya chupa, kisha wakaongeza uchafu kwa makusudi: azoti, oksijeni, maji na vingine. Vichocheo vyao viliendelea kutoa polioli, kazi ikipungua kidogo tu.

Jaribio hilo linafundisha mambo mawili. La kwanza, kuna uchafu wa aina mbili. Azoti inachukua nafasi tu. Inafanya gazi iwe nyepesi na kazi iwe ya polepole, lakini haishambulii kichocheo. Maji na salfa vinaingia katika mambo ya ndani. Mtu anayesema gazi yake ni safi kwa asilimia 99 bado hajasema kitu. Lazima aseme ile asilimia 1 inayobaki ni nini.

La pili, uvumilivu wa kichocheo kimoja si uvumilivu wa vyote. Kilichofanikiwa kwa zinki na manyezi katika maabara ya Uingereza hakimpi mtu ruhusa ya kusema kwamba kichocheo cha shaba kitavumilia gazi ya volkeno. Kwa kweli, shaba ina tabia nyingine kabisa.

Shaba na adui yake salfa

Njia nyingine ya kutengeneza plastiki kutoka CO2 ni umeme. Shaba ina kipawa ambacho madini mengine ya kawaida hayana: ikiwekwa katika seli ya umeme pamoja na CO2 na maji, inaweza kuunganisha kaboni mbili na kutoa etileni. Etileni ndiyo mama wa polietileni, plastiki ya sashe na bido. Njia hii bado iko zaidi katika maabara na majaribio kuliko viwandani, lakini inafuatwa kwa nguvu Marekani, Ulaya na China.

Mwaka 2019, watafiti wa chuo kikuu cha Delaware, Marekani, walichanganya CO2 na dioksidi ya salfa, gazi inayopatikana katika moshi wa makaa ya mawe na wa volkeno. Vichocheo vya fedha na vya bati viliumia, lakini vilirudia hali yao walipopewa gazi safi tena. Kwa shaba haikuwa hivyo. Etileni ilipungua, na kazi ikageukia kitu kingine, fomati, ambayo haitengenezi plastiki. Ni kama fundi wa viti ambaye baada ya ugonjwa anatengeneza vijiti tu.

Watu wa Kolwezi hawatashangaa. Katika miamba ya chini ya Katanga, shaba na salfa zimeshikana tangu zamani sana, na kuzitenganisha kunahitaji moto mkali na mashine za bei. Kinachotokea juu ya kichocheo ni safari ileile ya kurudi nyuma: shaba iliyosafishwa inakutana na salfa na kutaka kuwa jiwe tena.

Oksidi za azoti, ambazo zinatoka pia katika moshi, zina adabu zaidi. Utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba zinakula umeme uliokuwa wa kugeuza CO2, na hasara inaonekana wazi zikifika karibu asilimia 0,83 ya gazi. Lakini zikiondolewa, kichocheo kinaendelea kama zamani. Oksijeni nayo inaiba umeme kwa namna hiyo. Katika nchi ambako umeme unatafutwa kwa tochi, wizi huo si mdogo.

Gazi ya volkeno: Islandi imekwisha kujaribu

Kuna njia ya tatu, na ndiyo iliyo karibu zaidi na hali ya Goma. CO2 inaunganishwa na hidrojeni juu ya kichocheo cha shaba na zinki, inatoka methanoli. Methanoli inaweza kugeuzwa etileni na propileni, na hizo plastiki. Hatua hiyo ya mwisho China inaifanya kwa wingi, ingawa methanoli yao inatoka zaidi kwenye makaa ya mawe.

Islandi ni nchi ya volkeno kama Kivu. Huko Svartsengi, pembeni ya kituo cha umeme wa mvuke wa ardhini, kiwanda kilichopewa jina la mwanakemia George Olah kilianza mwaka 2012, na baadaye kikafikia uwezo wa tani 4000 za methanoli kwa mwaka. CO2 yake ilitoka chini ya ardhi pamoja na mvuke, na ndani yake kulikuwa na hidrojeni salfidi, ile gazi inayonuka kama yai bovu. Kabla gazi haijagusa kichocheo, salfa hiyo lazima iondolewe.

Iondolewe kwa kiasi gani? Kwa vichocheo vya shaba na zinki, mafundi wa methanoli wanataka salfa iwe chini ya sehemu 0,1 kwa milioni. Yaani katika lita milioni 10 za gazi, lita 1 ya salfa tayari ni mpaka. Samaki mmoja akioza, huoza wote.

Sasa turubai la Kivu

Gazi ya Ziwa Kivu si CO2 peke yake. Katika maji ya chini, CO2 na metani zimekaa pamoja, na kuna hidrojeni salfidi pia. Ng'ambo ya pili, Rwanda, kituo cha KivuWatt kinatoa umeme wa megawati 26 tangu mwaka 2016. Kinavuta maji ya chini, kinaachilia gazi, kisha kinaiosha kwa maji ili CO2 na hidrojeni salfidi zirudi ziwani na metani ibaki. Kwa ajili ya umeme, CO2 ni takataka. Hakuna anayejisumbua kuisafisha.

Mtu akitaka CO2 hiyo iwe plastiki, lazima aanze mahali ambapo kazi ya umeme inaishia. Ataitenganisha na metani. Ataikausha. Ataondoa hidrojeni salfidi, pengine kwa kuipitisha katika oksidi ya zinki, ambayo inashika salfa na kuifunga. Ataipima kila saa, kwa sababu gazi inayotoka majini inabadilika kufuatana na kina. Kila hatua inakula umeme, inakula dawa, inahitaji vipuri na mtu aliyesoma. Na mwisho kuna salfa iliyotolewa, ambayo lazima iwe na mahali pa kwenda. Hidrojeni salfidi ni sumu inayoua, tena ni nzito kuliko hewa. Goma ina mazuku za kutosha.

Kuna pia usalama wa ziwa lenyewe. Tabaka za maji ya Kivu ndizo zinazoshikilia gazi chini. Maji yaliyotolewa gazi lazima yarudishwe kwa kina kinachofaa, la sivyo tabaka hizo zinavurugika. Mradi wowote unaosifu plastiki na kunyamaza juu ya maji yanayorudi haustahili kusikilizwa mara ya pili.

Mwaka 2022 serikali ya Kinshasa iliweka kwenye mnada vitalu 3 vya gazi katika upande wa Kongo wa ziwa hili. Mazungumzo yalikuwa ya metani na umeme, na ni haki, kwa sababu umeme ndio njaa ya kwanza. Lakini CO2 ni nyingi kuliko metani, na mtu atakuja kuitaka. Ni heri swali liandaliwe kabla ya mgeni kufika.

Faida inakaa kwa anayesafisha

Somo la uchafu halihusu gazi tu. Baadhi ya vichocheo vya kazi hii vinatengenezwa kwa zinki, kobalti na shaba. Kongo ina yote matatu. Mgodi wa Kipushi ulianza tena kutoa zinki mwaka 2024. Lualaba na Katanga ya Juu ndizo zinazoifanya Kongo itoe zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia.

Haifai kudanganya watu hapa. Vichocheo vinatumia madini kidogo sana, na kobalti ya Kongo itaendelea kwenda zaidi katika betri kuliko katika matela. Hakuna mchimbaji wa Kolwezi atakayetajirika kwa sababu ya plastiki ya CO2.

Lakini kichocheo kinaonyesha kwa uwazi jambo ambalo soko la betri linaficha. Shaba ya Kongo, kwa sehemu kubwa, inaondoka ikiwa mabamba yaliyosafishwa kwa umeme hadi zaidi ya asilimia 99,9. Kobalti inaondoka zaidi ikiwa hidroksidi, unga ambao kobalti ndani yake ni karibu theluthi moja tu. Kilichobaki ni maji, manyezi, manganizi na mengine. Unga huo unapelekwa China, unasafishwa, na baada ya hapo tu unakuwa kitu ambacho mtengenezaji wa kichocheo au wa betri anaweza kutumia. Kazi ya kuondoa uchafu, na sehemu kubwa ya thamani yake, inabaki kule.

Februari 2025 serikali ilisimamisha kutuma kobalti nje, na tangu Oktoba mwaka uleule imeweka kota. Hatua hiyo inagusa wingi na bei. Haigusi usafi. Nchi inayouza kobalti chafu kwa uangalifu bado inauza kobalti chafu. Mabamba ya shaba yanathibitisha kwamba mikono ya Wakongomani inaweza kufikia usafi unaotakiwa duniani. Kinachokosekana kwa kobalti ni umeme, mitambo na uamuzi.

Wanaopinga wana sababu

Wengine watasema: watu wa Goma na Bukavu wamepitia vita, mabenki yamefungwa, maelfu wamekimbia nyumba zao. Nani ana nafasi ya kufikiria vichocheo? Sababu hiyo ni nzito. Hata hivyo, historia ya nchi hii inaonyesha kwamba mikataba mibaya ya mali ya ardhi inasainiwa hasa wakati watu wana shida nyingine. Kuuliza swali hakugharimu risasi wala mfuko wa unga.

Wengine watasema plastiki imekwisha kuwa nyingi mno. Hao pia wana haki. Kila msimu wa mvua, mito ya Bukavu inashusha chupa na sashe ziwani, na takataka hizo zinaziba mitambo ya umeme ya Ruzizi. Sheria ya tarehe 30 Desemba 2017 inakataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe za plastiki, lakini sokoni sashe ziko. Ieleweke wazi: sashe ya polietileni iliyotengenezwa kwa CO2 ni ileile iliyotengenezwa kwa petroli. Samaki wa Kivu hawezi kutofautisha. Anayeuza teknolojia hii kama dawa ya takataka anauza kitu ambacho hana.

Thamani ya teknolojia hii ni nyingine: kupunguza petroli katika vitu ambavyo watu watahitaji hata hivyo, kama matela, rangi, gundi na mipira ya maji. Ni thamani ya kweli, lakini ina mpaka, na mpaka huo unawekwa na bei ya kusafisha.

Kinachotakiwa kufanywa

Hatua nne zinaweza kuanza bila kungoja mwekezaji.

Ya kwanza, vipimo vya gazi ya ziwa na ya mazuku vitangazwe kwa raia: si CO2 na metani tu, bali pia hidrojeni salfidi na vingine vilivyomo kwa kiasi kidogo, kwa kila kina na kila msimu. Kituo cha kuchunguza volkeno cha Goma kina uzoefu wa miaka mingi na gazi za eneo hili. Kazi yake ipewe vifaa, na matokeo yake yasifungiwe sandukuni. Anayejua gazi yake hadanganywi na anayekuja kuinunua.

Ya pili, vyuo vikuu vya Goma, Bukavu na Lubumbashi vipate maabara ya kupima uchafu hadi sehemu moja kwa milioni. Mashine ya aina hiyo haiwezi kutengeneza plastiki, lakini bila hiyo hakuna plastiki, hakuna methanoli, hakuna kobalti safi. Inapima pia maji ya kunywa na samaki. Haitakosa kazi hata siku ambayo ndoto ya CO2 itashindwa.

Ya tatu, mkataba wowote wa gazi uandikwe na sura nzima juu ya usafi: gazi itasafishwa wapi, na nani, kwa umeme gani, salfa itapelekwa wapi, maji yatarudishwa kwa kina gani, na nani atapima bila kulipwa na kampuni. Mkataba usio na sura hiyo urudishwe kwa aliyeuleta.

Ya nne, kota ya kobalti ifuatwe na mpango wa kusafisha kobalti nchini, wenye tarehe na chanzo cha umeme kinachojulikana. Bila hivyo, kota itapandisha bei kwa muda, na faida ya usafi itaendelea kukaa ng'ambo.

Hakuna hata moja kati ya hatua hizi inayosema Kongo ijenge kiwanda cha plastiki kesho. Pengine hesabu itaonyesha kwamba CO2 ya Kivu ni ghali mno kusafisha, na ni bora ibaki chini ya maji ilipo. Hilo pia litakuwa jibu zuri, kama litatoka katika vipimo na si katika maneno ya mtu mwenye kuuza.

Wajerumani walipotaka kutengeneza matela kwa gazi, walitafuta kwanza jirani mwenye gazi safi. Waislandi walipotaka kutumia gazi ya volkeno yao, walianza kwa kuondoa salfa. Hakuna aliyeruka hatua hiyo. Siku mtu atakaposimama katika chumba cha mikutano Goma, Bukavu au Kinshasa na picha nzuri za kiwanda ukutani, raia mmoja ainue mkono na kuuliza: ndani ya gazi hiyo, mbali na CO2, kuna nini kingine, na nani alipima? Akishindwa kujibu, mkutano umekwisha.